Zana ya Umeme na Askari: Chomoa Plagi Kama Utoavyo Magazini

Askari akabidhiwapo bunduki kwa mara ya kwanza, hafundishwi kupiga shabaha. Hufundishwa kuhakikisha kwamba chemba i tupu. Hutoa magazini, hufungua chemba, hutazama kwa macho, hugusa kwa kidole. Ndipo aruhusiwapo kuifungua na kuisafisha. Somo hilo hurudiwa siku baada ya siku mpaka mikono yenyewe ilihifadhi, na kuruta alisahauye hukumbushwa kwa njia ambazo miguu yake haitazisahau upesi.

Lakini askari huyo huyo, siku aitwapo karakanani kukata vyuma vya lango la kambi, hupewa mashine izungukayo mara 11,000 kwa dakika pasipo somo hata la robo saa. Huambiwa, "Kata," naye hukata. Twajua jinsi hali hii ilivyoanza. Hapo kale kazi za chuma na mbao zilikuwa za mafundi peke yao, watu waliokaa chini ya fundi mkuu kwa miaka kadhaa kabla ya kuaminiwa na chombo. Siku hizi zana za umeme zimekuwa nyingi na bei yake imeshuka. Mtu aweza kuinunua moja mjini Kampala asubuhi na kuitumia kambini kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo kila kikosi kina kekee ya umeme, kina msumeno wa umeme, na kina ile mashine ya kukatia na kusagia chuma ambayo mafundi wote, tangu Katwe hata vijijini, huiita grainda. Hali kadhalika vituo vingi vya polisi ambavyo askari wake hujijengea vyumba kwa mikono yao. Zana zimewasili kabla ya mafunzo, na pengo hilo hulipwa kwa vidole, kwa macho, na mara nyingine kwa roho za watu.

Umeme wenyewe

Yafaa tuanze na kosa moja la fikira ambalo twalisikia kila mahali. Askari wengi husema, "Kuna fyuzi ndani ya plagi, umeme hauwezi kuniua." La hasha. Fyuzi haikuwekwa kwa ajili ya mtu. Iliwekwa kwa ajili ya waya, ili waya usipate moto ukaunguza nyumba.

Hebu tutazame hesabu yake. Fyuzi ya kawaida ya plagi ya miguu mitatu ni ya ampea 13, yaani miliampea 13,000. Mwili wa binadamu huanza kuhisi umeme ukifika miliampea 1 hivi. Ukifika 10 au 15, misuli hujikaza, na mkono ulioshika chombo hauwezi tena kukiachia, hata mwenye mkono apige kelele namna gani. Ukipita 30 kwa muda, pumzi na moyo huingia hatarini. Na baina ya 50 na 100 moyo waweza kuacha mapigo yake ya taratibu na kutetemeka bure, usisukume damu. Taa ndogo ya wati 10 iwakayo kwa voliti 240 hutumia umeme wa miliampea 40 hivi. Basi umeme utoshao kuwasha taa ya chooni watosha pia kumtia askari hatarini, na fyuzi ya ampea 13 haitajua kwamba lolote limetokea.

Kimlindacho mtu ni vitu viwili. Cha kwanza ni waya wa ardhi, ule wenye rangi ya kijani na manjano, ambao huunganishwa na mwili wa chuma wa mashine. Waya wa moto ukichubuka ndani na kugusa mwili huo, umeme hukimbilia ardhini kwa njia nyepesi, fyuzi hukatika mara moja, na mtu husalimika. (Katika mashine za zamani, ambazo bado zimo katika stoo zetu, waya wa ardhi ni wa kijani kitupu, wa moto ni mwekundu na wa kurudishia ni mweusi, katika za sasa wa moto ni wa kahawia na wa kurudishia ni wa buluu. Anayefunga plagi bila kujua tofauti hiyo heri aiache.) Cha pili ni ile swichi ya usalama ifungwayo katika ubao wa umeme, ambayo hupima umeme unaotoka na unaorudi. Ikiona tofauti ya miliampea 30, maana yake kuna umeme unaopotelea mahali pasipostahili, huenda katika mwili wa mtu, nayo hukata kwa muda usiozidi sehemu ya tatu ya sekunde. Swichi hiyo ina kitufe cha kuijaribia. Kibonyezwe kabla ya kazi. Isipokata, kazi isianze. Ila ifahamike kwamba mtu akishika waya wa moto kwa mkono huu na wa kurudishia kwa mkono ule, swichi hiyo humwona kama taa tu, haimwokoi.

Sasa njoo uone tuyafanyayo. Soketi zetu zina matundu matatu, na lile la juu, la ardhi, ndilo lifungualo vifuniko vya matundu mawili ya chini. Mashine nyingi ziletwazo kutoka ng'ambo zina plagi ya miguu miwili. Je, askari hufanyaje? Huchukua kalamu au kijiti, akakisukumiza katika tundu la ardhi, vifuniko vikafunguka, akapachika plagi yake. Mwingine hana plagi kabisa. Huchuna waya akauingiza mtupu na kuushindilia kwa njiti za kiberiti. Tumeyaona hayo katika majengo ya serikali, mchana kweupe, na mkubwa akipita bila kusema neno.

Ni kweli kwamba ziko mashine zisizohitaji waya wa ardhi. Hizo zimetengenezwa kwa kinga mbili za kuzuia umeme, na alama yake ni mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, iliyochapwa kwenye kibati cha mashine. Mashine yenye alama hiyo yaweza kutumiwa kwa waya mbili, mradi ifungwe plagi iliyo sawa. Isiyo na alama hiyo, ikikosa waya wa ardhi, ni mtego.

Kuhusu waya wa kurefushia tutasema machache. Ule uliozungushwa kwenye gurudumu ukunjuliwe wote kabla ya kazi, hata kama kazi iko hatua tano tu. Ukiachwa umejikunja hupata joto pasipo pa kutokea, na ngozi yake huyeyuka. Usipitishwe katika maji wala chini ya milango. Na mahali penye jenereta, fundi wa umeme wa kikosi ndiye athibitishe kwamba jenereta imefungwa ipasavyo na ardhi, kwani jenereta nyingi ndogo hazikufungwa hivyo kiwandani, na swichi ya usalama tuliyoieleza huenda isifanye kazi yake. Jenereta yenyewe isiwashwe ndani ya chumba wala hema. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na mwenye kuivuta husinzia asiamke.

Grainda

Katika zana zote, hii ndiyo tuihofuyo zaidi, na ndiyo idharauliwayo zaidi.

Jiwe lake, yaani lile duara jembamba likatalo chuma, si jiwe la kweli. Ni chembe ngumu zilizogandishwa kwa gundi na kutiwa wavu wa nyuzi. Kila jiwe limeandikwa mwendo wake wa mwisho. Jiwe dogo la milimita 115 huandikwa 13,300 kwa dakika; lile kubwa la milimita 230, ambalo mafundi huliita la inchi tisa, huandikwa 6,600. Ukipiga hesabu utaona kwamba yote mawili yamewekewa mpaka mmoja: ukingo wa jiwe usizidi mwendo wa mita 80 kwa sekunde, sawa na kilometa 288 kwa saa. Hakuna gari la jeshi liendalo hivyo.

Hatari yajificha mahali padogo sana. Tundu la katikati la jiwe dogo na la jiwe kubwa ni sawa, milimita 22 na nukta chache. Kwa hiyo jiwe kubwa huingia kwenye mashine ndogo pasipo shida, ila kinga ya chuma ndiyo ikataayo. Naye askari, akiona kinga imemzuia, huivua. Tulipata kuona jambo hili katika kambi moja ambayo haina haja ya kutajwa: grainda ndogo, haina kinga, imefungwa jiwe la inchi tisa, na kijana mwenye miwani ya jua anakata nondo. Sajini aliyesimamia karakana alikuja akachomoa plagi ukutani kwanza, kisha akamwita kijana yule na kumsomesha kwa sauti namba mbili, ya jiwe na ya mashine. Jiwe lilikuwa limeandikwa 6,600. Mashine ilikuwa imeandikwa 11,000. Ukingo wa jiwe lile ulikuwa ukienda kilometa zaidi ya 470 kwa saa, mbele ya uso wa mtu. Kijana akalitazama jiwe, akalitazama tena, akaliweka chini polepole kama mtu awekaye bomu.

Jiwe likipasuka katika mwendo huo, vipande vyake havina tofauti na vipande vya guruneti. Kinga ile ya chuma ndiyo ngao pekee iliyo baina ya vipande na koo la mtumiaji. Asiivue kwa sababu yoyote. Kama kazi haiwezekani kinga ikiwapo, basi mashine hiyo siyo ya kazi hiyo.

Jiwe lina umri pia. Tazama pete ya chuma iliyo katikati. Hapo huchapwa mwezi na mwaka ambao jiwe halifai tena, na kwa kawaida ni miaka mitatu tangu lilipotengenezwa. Gundi yake hudhoofika, hasa likihifadhiwa penye unyevu. Stoo ya bati kando ya Ziwa Viktoria wakati wa masika si mahali pa kuweka mawe ya grainda. Lililoanguka sakafuni litupwe, hata kama ufa hauonekani. Lililofungwa jipya lizungushwe bure kwa nusu dakika, mbali na watu, kabla halijagusa chuma. Jiwe jembamba la kukatia lisitumiwe kusagia kwa ubavu, kwani halikuumbwa kuhimili msukumo wa upande. Wala pasifungwe kamwe kisu cha msumeno wa mbao kwenye grainda, ijapokuwa viko viuzwavyo madukani. Meno yake hudaka mbao, na mashine humrukia aliyeishika.

Kuruka huko ndiko huumiza watu wengi hata pale jiwe lilipo zima. Chuma kinapokatwa kikajipinda na kulibana jiwe, nguvu yote ya mashine hurudi mikononi kwa ghafula. Basi mtumiaji ashike kwa mikono miwili, mpini wa pembeni uwe umefungwa, chuma kiwe kimebanwa katika jiriwa, na kile kipande kitakachoanguka kiachwe kianguke badala ya kujikunja ndani. Asisimame katika mstari wa jiwe. Avae miwani ya kinga izibayo pembeni, na juu yake kigao cha uso. Miwani ya jua si kinga. Avae viziba masikio, maana kelele ya mashine hii huua usikivu kidogo kidogo, na askari asiyesikia vizuri hafai lindo la usiku. Akizima swichi asiiweke chini mara moja; jiwe huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa.

Watu hutuuliza kuhusu mashine mpya zitumiazo betri, kama nazo zina hatari. Betri ya voliti 18 haitampiga mtu umeme. Lakini jiwe halijui nguvu yake imetoka wapi. Hapo betri ndiyo magazini: hutolewa kwanza, ndipo jiwe libadilishwe.

Mapipa ya mafuta

Jambo hili twalitenga peke yake kwa kuwa linawahusu askari kuliko raia wengi. Sisi na mapipa ya lita 200 hatuachani. Jeshi huyakata kufanya majiko na mabirika ya maji; polisi huyakata na kuyapaka rangi kwa vizuizi vya barabarani. Askari huambiwa pipa ni tupu, kwa hiyo halina hatari.

Pipa tupu lina hatari kuliko lililojaa. Petroli haiungui ikiwa maji maji. Uunguao ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Mchanganyiko huo hulipuka mvuke ukiwa baina ya asilimia 1 na 8 hivi ya hewa iliyomo. Kwa pipa la lita 200, petroli ya kijiko kimoja cha supu, iliyosalia katika mshono wa chini pasipoonekana, yatosha kufikisha kiasi hicho. Cheche moja ya grainda ikipenya, mfuniko wa pipa huruka kama risasi ya mzinga, na mara nyingi aliyeinama juu yake ni yule mkataji. Dizeli nayo, ambayo wengi huiona pole, hutoa mvuke uunguao pale chuma kinapopata moto wa kukatwa. Kulisuuza kwa ndoo moja ya maji hakutoshi. Pipa lililowahi kubeba mafuta, rangi au kiyeyusho lisikatwe kwa zana itoayo cheche, wala lisichomelewe. Kama kikosi chahitaji majiko, kitafute mapipa yaliyobeba vitu visivyowaka.

Hata pasipo pipa, cheche za grainda husafiri mita kadhaa na kujificha katika takataka, vumbi la mbao au matambara yenye grisi. Mtu mmoja abaki mahali pa kazi, pamoja na kizima moto, kwa muda usiopungua nusu saa baada ya mashine kuzimwa.

Kekee na msumeno wa mbao tutavigusa kwa ufupi. Kekee huonekana pole, lakini ncha yake inapotoboka upande wa pili wa bati hulidaka na kulizungusha kama panga. Bati lisishikwe kwa mkono, na glavu pana zisivaliwe, maana hunaswa. Atobowaye ukuta akumbuke kwamba nyaya huteremka na kupanda wima juu na chini ya soketi na swichi. Kwa msumeno wa duara, wenye kinga ya chini ijirudishayo yenyewe, kosa la kila siku ni kuifunga kinga hiyo kwa waya iwe wazi daima, ili kazi iende upesi. Nenda Ndeeba kwenye mbao utazame mikono ya baadhi ya wazee wa kazi, uhesabu vidole.

Amri na mkono wa fundi

Twafika sasa mahali pazito kwa watu wa nidhamu kama sisi. Askari hufunzwa kutii. Afisa akisema lango liwe limekwisha kabla ya jua kuchwa, koplo hatajibu kwamba waya umechubuka. Atafunga waya kwa karatasi ya nailoni na kuendelea. Ajali nyingi za karakana zina amri ya haraka nyuma yake, na hilo ni juu ya sisi wenye vyeo, si juu ya koplo.

Hata hivyo jeshi lina dawa yake tayari. Katika uwanja wa shabaha, mtu yeyote aonaye hatari, hata awe kuruta wa wiki ya kwanza, ana haki ya kupaza sauti ufyatuaji ukome. Nao hukoma, na hakuna aitwaye mwasi kwa sababu hiyo. Twaona karakana zetu zistahili kanuni iyo hiyo. Askari asemapo, "Afande, mashine hii haina kinga," jibu la afisa liwe kuitazama mashine. Na zana iliyoharibika isirudishwe rafuni pamoja na nzima ikingoje mtu wa kesho asiyejua. Ikatwe plagi yake, ifungwe kibandiko chenye tarehe na jina la aliyeikataa, ikabidhiwe mwenye stoo naye aandike daftarini.

Ajali ikitokea, aliyenaswa na umeme asiguswe kwa mkono mtupu. Umeme ukatwe kwanza. Usipoweza kukatwa, mwenye kuokoa asimame juu ya kitu kikavu na kumsukuma mtu mbali na waya kwa mti mkavu au plastiki. Hayo ni kwa umeme wa nyumbani wa voliti 240. Nyaya kubwa za nguzoni zikianguka, mtu asikaribie kabisa mpaka wenye umeme wathibitishe kwamba zimezimwa. Akiwa hapumui, mwingine atumwe kuita gari la wagonjwa, naye alazwe chali, akandamizwe katikati ya kifua kwa viganja viwili, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mwendo huo askari anao tayari miguuni: ni mwendo wa haraka wa kwata. Ahesabu hivyo hivyo kimoyomoyo, thelathini na pumzi mbili, thelathini na pumzi mbili, wapokezane kila dakika mbili kwani kazi hiyo huchosha. Na yule aliyepigwa na umeme, kisha akainuka na kusema yu mzima, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa maana umeme huunguza ndani pasipoonekana na moyo waweza kubadili mapigo baadaye. Mashine iliyohusika isiguswe wala kutengenezwa. Ifungiwe ilivyo hadi ikaguliwe.